Nyota Bila Mbuzi

Usiku wa Jumapili, Februari 18, 2024, katika ukumbi wa Gainbridge Fieldhouse mjini Indianapolis, kombaini ya Mashariki iliifunga kombaini ya Magharibi pointi 211 kwa 186. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaingia Jumatatu. Waliojinyima usingizi wakawasha televisheni au simu saa kumi na ushei alfajiri kuitazama mechi ya nyota wa NBA walishuhudia jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mechi hiyo ianze mwaka 1951: timu moja kuvuka pointi 200. Walishuhudia pia kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna aliyekaba. Mchezaji alivuka katikati ya uwanja, akakitazama kikapu, akarusha, na aliyepaswa kumzuia akampisha, akisubiri zamu yake ya kurusha ifike. Mwishoni kamishna wa ligi, Adam Silver, alipanda jukwaani kukabidhi kombe. Aliwaambia Mashariki kwamba wao ndio waliofunga pointi nyingi zaidi. Akanyamaza kidogo. Kisha ndipo akawapa hongera.

Kule kunyamaza kidogo ndiko kulikozaa mhadhara huu.

Katika viwanja vya mchangani vya Tanzania na Kenya watu hugombea mbuzi. Mtaa mmoja unapambana na mwingine, walimu na wanafunzi wao, wauza samaki na madereva wa bodaboda. Mbuzi hufungwa kwenye mti pembeni ya uwanja, na kila anayekimbia na mpira anamwona. Thamani yake si kubwa. Ukimgawa kwa wachezaji kumi na mmoja, walio benchi, kocha na mzee aliyetoa jezi, kila mtu anaambulia vipande viwili vya nyama na bakuli la supu. Lakini kwa ajili ya mbuzi huyo watu hukabana mpaka refa akaomba maji.

Nyota wa Indianapolis walikuwa na zawadi kubwa kuliko mifugo ya kijiji kizima: dola 100,000 kwa kila mchezaji wa timu itakayoshinda, 25,000 kwa kila aliyeshindwa. Mara nyingi husemwa kwamba fedha hiyo ni ndogo mno kwa watu ambao baadhi yao wanalipwa zaidi ya dola milioni 50 kwa msimu. Hoja hiyo haitoshi. Mbuzi wa mchangani naye ni mdogo. Kinachompa nguvu ni kwamba kila mtu uwanjani anajua nyama italiwa wapi na nani. Kule Indianapolis hakuna aliyejua mechi ile ilikuwa inamlisha nani.

Ligi za Marekani zimehangaika miaka mingi kuzitibu mechi zao za nyota kwa kubadili mfumo: timu ziwe ngapi, nani achague wachezaji, dakika ziwe ngapi, mchezo uishe vipi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba swali la mfumo limetangulizwa mbele ya swali linalopaswa kuulizwa kwanza, yaani nani anaihitaji mechi yenyewe. Historia ya mashindano haya, ikisomwa kwa swali hilo, inaonekana tofauti kabisa na inavyosimuliwa kwenye matangazo ya biashara.

Ianzie Boston, Desemba 12, 1933. Katika mchezo wa hoki ya barafu, Eddie Shore wa Boston Bruins alimkumba Ace Bailey wa Toronto Maple Leafs kwa nyuma. Bailey aliangukia kichwa, fuvu likapasuka, na madaktari wakapigania uhai wake kwa siku nyingi. Alipona, lakini hakucheza tena. Ligi ikaamua kuandaa mechi ya kumchangia yeye na familia yake: Maple Leafs dhidi ya kombaini ya wachezaji bora wa timu nyingine zote. Ilipigwa Februari 14, 1934, Maple Leaf Gardens, Toronto, na mmoja wa walioitwa kwenye kombaini alikuwa Eddie Shore.

Kabla ya mchezo, wachezaji waliitwa mmoja mmoja kupokea jezi zao, Bailey mwenyewe akiwa miongoni mwa waliozikabidhi. Zamu ya Shore ilipofika, maelfu ya watu wa Toronto, ambao miezi miwili iliyopita walimwona kama muuaji, walinyamaza. Bailey akanyoosha mkono. Wakashikana, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Maple Leafs walishinda 7–3, jambo ambalo leo halikumbukwi sana, na zaidi ya dola 20,000 zikapatikana kwa ajili ya Bailey, enzi ambayo Amerika Kaskazini nzima ilikuwa imeelemewa na mdororo wa uchumi. Ligi ilipoanza kuandaa mechi rasmi ya nyota kila mwaka, kuanzia 1947, sehemu ya mapato iliendelea kwenda kwenye mfuko wa pensheni wa wachezaji. Mechi ya nyota ya hoki, kwa hiyo, ilizaliwa na mtu aliyelala hospitali.

Miezi michache kabla ya Bailey kuumia, Chicago ilikuwa imeona mechi mbili za nyota za besiboli ndani ya uwanja mmoja, Comiskey Park, na tofauti kati yake inafundisha mengi. Ya kwanza ilikuwa Julai 6, 1933. Mhariri wa michezo wa Chicago Tribune, Arch Ward, aliibuni iende sambamba na maonyesho makubwa ya dunia yaliyokuwa yakifanyika mjini humo. Watu 47,595 walihudhuria, na Babe Ruth, akiwa na umri wa miaka 38, aliupiga mpira ukatua kwenye majukwaa. Ligi mbili za besiboli, American na National, wakati huo hazikuwa zikikutana isipokuwa kwenye fainali ya mwaka. Shabiki wa ligi moja angeweza kuzeeka bila kumwona kwa macho mchezaji fulani wa ligi nyingine. Haja ilikuwapo, ya kuona kwa macho, na mapato yakaenda kuwasaidia wachezaji wastaafu waliokuwa na shida.

Ya pili ilikuwa Septemba 10 mwaka huohuo, na ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu wa Afrika. Wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa tangu karne ya 19. Gus Greenlee, mmiliki wa Pittsburgh Crawfords na mwendesha kamari za mtaani, alishirikiana na magazeti ya watu weusi kuandaa mechi yao wenyewe, Mashariki dhidi ya Magharibi. Kura zilipigwa na wasomaji wa Pittsburgh Courier na Chicago Defender, magazeti yaliyosafiri kwa treni hadi vijiji vya kusini mwa Marekani. Katika majimbo ambako mtu mweusi alizuiwa kwa vitisho na hila kumpigia kura diwani, aliweza kumpigia kura mdaka mpira.

Greenlee alitaka faida, na hilo halifichiki. Lakini alichokijenga kilizidi faida. Mwaka 1943 zaidi ya watu 51,000 waliujaza uwanja uleule. Familia zilivaa nguo za sikukuu, ndugu walipanga safari za kwenda Chicago kuonana wakati wa mechi, na waandishi wa magazeti ya watu weusi walikuwa na hoja ya kuwatupia wamiliki wa ligi kubwa kila mwaka: hawa hapa Satchel Paige na Josh Gibson, na huu hapa umati uliowalipia, sasa mnasema hawafai kwa nini? Kiangazi cha 1945 kijana mmoja wa Kansas City Monarchs alicheza katika mechi hiyo. Jina lake Jackie Robinson. Aprili 15, 1947, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers ya ligi kubwa, na ukuta ukaanza kubomoka.

Baada ya hapo mechi ya Mashariki na Magharibi ilidhoofika, ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo wanaosimulia mwisho huo kwa masikitiko, na masikitiko yana haki yake, kwa sababu biashara nyingi za watu weusi zilikufa pamoja na ligi zao. Lakini katika historia nzima ya michezo hii, hiyo ndiyo mechi pekee ya nyota iliyokufa kwa sababu haja yake kuu ilikuwa inatimizwa. Nyingine zilipoteza haja zikaendelea kuishi.

NBA nayo ilianza na haja. Mapema 1951 Marekani ilitikiswa na kashfa ya wachezaji wa vyuo kupokea hongo ili kupanga tofauti ya pointi, na mchezo wa kikapu ukanuka. Ofisa habari wa ligi, Haskell Cohen, alipendekeza mechi ya nyota ili kurudisha imani ya watu. Walter Brown, mmiliki wa Boston Celtics, alikubali kubeba gharama na hasara kama ingetokea. Machi 2, 1951, watu 10,094 waliingia Boston Garden. Haikutokea hasara.

Ukumbi huohuo ulishuhudia jambo kubwa zaidi Januari 14, 1964. Wachezaji 20 bora wa ligi walikuwa wamefika Boston, wengine kwa taabu maana theluji ilikuwa imevuruga usafiri wa ndege. Televisheni ya ABC ilikuwa imejiandaa kuirusha mechi nchi nzima usiku ule. Wachezaji walikuwa wameahidiwa mfuko wa pensheni kwa miaka na hawakupewa. Wakiongozwa na Tommy Heinsohn wa Celtics, aliyekuwa rais wa chama chao, walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo wakasema hawatoki. Bob Short, mmiliki wa Los Angeles Lakers, alituma ujumbe mlangoni kuwatisha wachezaji wake wawili, Elgin Baylor na Jerry West. Haukusaidia kitu. Ilibidi kamishna Walter Kennedy aingie mwenyewe na kutoa neno lake kwamba pensheni itapatikana. Wakatoka, wakacheza, na pensheni ikapatikana.

Hapa panahitaji kutuliwa, kwa sababu tukio hilo linafichua kitu kuhusu umbo la mechi ya nyota ambacho mabadiliko ya sheria hayakigusi. Hii ni siku moja tu katika mwaka ambapo wachezaji wenye nguvu kuliko wote, wanaotoka katika timu zinazopigana msimu mzima, wanakaa chumba kimoja wakiwa upande mmoja. Mmiliki anaweza kumtisha nyota mmoja. Ni vigumu kuwatisha 20 kwa pamoja huku kamera zikiwaka.

Haja hizo zilipotea kwa njia tatu, na mbili zinaelezeka upesi. Uhaba wa kuonana ulikwisha: besiboli iliruhusu timu za ligi mbili kukutana msimu wa kawaida kuanzia 1997, na leo kijana wa Kisumu anaiona danki ya Los Angeles kwenye simu kabla wachezaji hawajaoga. Shida ya fedha nayo ilipungua, kwani wachezaji wa ligi kubwa sasa wana pensheni, bima na mikataba minono.

Njia ya tatu ni mwili, na juu ya hili wachezaji wanalaumiwa kupita kiasi. Februari 1999 Robert Edwards wa New England Patriots alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza akiwa amekimbia zaidi ya yadi 1,100. Akaalikwa Hawaii, kwenye mchezo wa ufukweni wa wachezaji wapya uliokuwa sehemu ya shamrashamra za Pro Bowl, mechi ya nyota ya futiboli ya Kimarekani. Aliruka, akatua vibaya mchangani, goti likasambaratika kiasi kwamba ilihofiwa atakatwa mguu. Alirudi uwanjani mwaka 2002 tu, na hakuwa yule wa zamani. Kila mchezaji wa futiboli anaijua habari ya Edwards. Mtu anayeambiwa akabe kwa nguvu zake zote katika mechi isiyo na sababu ana haki ya kuuliza atakuwa ameumia kwa ajili ya nini. Mwaka 2023 ligi ya NFL ilikubali ukweli huo, ikaifuta mechi ya kuangushana na kuweka futiboli ya vitambaa, ambapo mkabaji huchomoa kitambaa kiunoni mwa mwenzake badala ya kumbwaga chini. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana, na kwa kuwa mchezo huo utaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, huenda hata ukapata maana yake.

Besiboli ilijaribu kumleta mbuzi kwa nguvu. Mwaka 2002, Milwaukee, mechi ya nyota iliisha 7–7 baada ya ngwe 11 kwa sababu timu zote mbili ziliishiwa warusha mpira. Mashabiki walizomea, na kamishna Bud Selig, akiwa katika mji wake wa nyumbani, alionekana kwenye picha akiwa ameinua mikono kwa kukata tamaa. Kuanzia mwaka uliofuata hadi 2016, ligi itakayoshinda mechi ya nyota ilipewa faida ya kuanzia nyumbani kwenye fainali ya ubingwa. Hatimaye kukawa na kitu cha kupigania, na kikubwa.

Tatizo ni kwamba kilikuwa cha watu wengine. Mwezi Julai hakuna ajuaye ni timu zipi mbili zitafika fainali ya Oktoba. Mchezaji wa timu inayoshika mkia, aliyeitwa kwa sababu kanuni inataka kila timu iwe na mwakilishi, alitakiwa ajitume ili klabu asiyoijua ipate faida miezi mitatu baadaye. Ni kumwambia kijana wa Tandika atoke jasho ili mbuzi achinjwe Sinza. American League ilishinda mara 11 kati ya hizo 14, utaratibu ukafutwa, na hakuna aliyeonekana kuulilia.

Ushahidi mzito kuliko wote uko NBA, kwa sababu ligi hiyo, bila kukusudia, ilifanya kitu kinachofanana na jaribio la maabara.

Januari 26, 2020, Kobe Bryant alifariki katika ajali ya helikopta pamoja na binti yake Gianna na watu wengine saba. Wiki tatu baadaye nyota walikutana Chicago. Ligi ilikuwa imebuni mfumo mpya uliotokana na wazo la profesa Nick Elam: katika robo ya mwisho saa inazimwa, inawekwa idadi ya pointi, na timu itakayoifikia kwanza imeshinda. Idadi ilipatikana kwa kuchukua pointi za timu inayoongoza na kuongeza 24, namba ya jezi ya Bryant. Zaidi ya hapo, kila robo ilikuwa na fedha zake kwa ajili ya asasi mbili za vijana wa Chicago, na vijana wenyewe walikuwa ukumbini wakitazama.

Timu ya Giannis Antetokounmpo iliongoza 133–124. Lengo likawa 157. Kilichofuata kiliwashangaza hata waandaaji. Kyle Lowry alijipanga mbele ya watu wanaomzidi kimo na uzito ili wamgonge. Makocha walibishana na marefa. LeBron James na Antetokounmpo walizuiana kana kwamba ni mchezo wa saba wa fainali. Timu ya LeBron ikafuta pengo, na Anthony Davis akafunga mtupo huru wa mwisho: 157–155. Shirika la Chicago Scholars likaondoka na dola 400,000 na lile la After School Matters na 100,000.

Wengi walihitimisha kwamba dawa imepatikana, ni ile saa iliyozimwa. Basi ikaachwa ifanye kazi. Mwaka 2023, Salt Lake City, saa ilizimwa vilevile na 24 zikaongezwa vilevile. Mechi iliisha 184–175, Jayson Tatum alifunga pointi 55 ambazo hazikuwahi kufungwa na mtu katika mechi hiyo, na kocha Mike Malone, ambaye timu yake ilikuwa upande wa pili, alisema hajaona mchezo wa kikapu mbaya kuliko ule. Mfumo ulikuwa uleule wa Chicago. Kilichokosekana ni msiba. Mwaka 2020 wachezaji walikuwa wanamzika mtu wao, na walicheza kama watu wa matanga wanavyochimba kaburi, bila kutegea. Ile 24 ilipobaki namba tupu, jembe likawa zito.

Baada ya hapo ligi imeendelea kukarabati. Mwaka 2024 ilirudi Mashariki na Magharibi, na matokeo ndiyo yale ya Indianapolis. Mwaka 2025, San Francisco, kukawa na timu nne na michezo mifupi ya kuwania pointi 40. Kwa mwaka 2026 ukapangwa utaratibu wa timu tatu, mbili za Wamarekani na moja ya dunia nzima. Huu wa mwisho unakaribia kitu cha kweli, kwa kuwa kizazi cha sasa cha NBA kina Nikola Jokić wa Serbia, Luka Dončić wa Slovenia na Joel Embiid aliyezaliwa Kameruni, na ubishi wa nani mwenye mchezo huu uko hai.

Hoki ya barafu ilikwisha kuonyesha nguvu ya ubishi wa namna hiyo. Miaka ya nyuma mechi yake ya nyota ilikuwa imefifia mpaka mashabiki, mwaka 2016, wakampigia kura kwa mzaha John Scott, jitu la zaidi ya mita mbili lililoajiriwa kupigana na lenye mabao matano katika maisha yake yote ya ligi. Alihamishiwa klabu nyingine na kuteremshwa daraja kabla ya mechi, na baadaye akaandika kwamba alishawishiwa ajitoe, hata akaulizwa kama watoto wake wangejivunia jambo lile. Akaja. Akafunga mabao mawili Nashville, akawa mchezaji bora, na wenzake wakambeba mabegani. Mzaha wa mashabiki ulikuwa umepata mtu mwenye heshima yake, na kwa usiku mmoja mechi ikawa na sababu.

Februari 2025 ligi hiyo haikucheza mechi ya nyota kabisa. Badala yake ziliitwa timu nne za mataifa: Kanada, Marekani, Uswidi na Ufini. Ulikuwa wakati ambapo rais wa Marekani alikuwa akisema Kanada inafaa kuwa jimbo la 51, na ushuru wa forodha ulikuwa gumzo kila jikoni. Kanada na Marekani zilipokutana mjini Montreal, wimbo wa taifa la Marekani ulizomewa, na katika sekunde tisa za kwanza kulikuwa na ngumi mara tatu. Zilikutana tena katika fainali Boston, na Connor McDavid akaipa Kanada bao la ushindi, 3–2, katika muda wa nyongeza. Ngumi hazipendekezwi hapa. Kinachopaswa kuonwa ni kwamba walikuwa wanaume walewale, wenye mishahara ileile na magoti yaleyale, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakiteleza kwenye barafu bila kugusana.

Wanawake wamelielewa jambo hili mapema zaidi. Mwaka 2021 na tena 2024, ligi ya WNBA iliipanga timu ya taifa iliyokuwa inakwenda Olimpiki icheze na nyota waliobaki, yaani waliotemwa. Mara zote mbili waliotemwa walishinda: 93–85 mjini Las Vegas, 117–109 mjini Phoenix. Na mara zote mbili mchezaji bora alikuwa Arike Ogunbowale, ambaye hakuitwa kwenda Tokyo wala Paris. Kule Phoenix alifunga pointi 34, zote katika kipindi cha pili. Timu ile ya taifa ndiyo iliyochukua dhahabu Paris. Mtu aliyekataliwa anapopewa uwanja mbele ya waliomkataa, hahitaji kuambiwa akabe.

Mfumo huo ungeweza kuigwa kesho na ligi nyingine, bila fedha ya ziada. Kila mwaka kura za NBA huacha nje wachezaji watano au sita wanaostahili, na wanakwenda likizo wakiwa na uchungu. Waitwe. Wakutanishwe na waliochukua nafasi zao. Na mapato ya mlangoni yawe na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Wachezaji wa zamani wa ABA, ligi iliyoungana na NBA mwaka 1976, wengi walizeeka katika ufukara kwa sababu pensheni ya 1964 haikuwafikia. Ilichukua hadi 2022 ndipo zikatengwa dola milioni 24.5 kwa ajili ya wachezaji wapatao 115. Wazee hao wangeketi kando ya uwanja, mahali wanapokaa waimbaji na matajiri, nyota wa leo wangekaba.

Barani Afrika mfano upo. Agosti 1, 2015, Johannesburg, NBA ilicheza mechi yake ya kwanza katika bara hili, Afrika dhidi ya Dunia, kwa ajili ya asasi za hisani. Luol Deng, aliyezaliwa Sudan Kusini ya leo, aliiongoza Afrika, na kikosini alikuwamo Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, mji unaoongea Kiswahili. Dunia ilishinda 101–97 tu. Hakeem Olajuwon na Dikembe Mutombo, wazee wa miaka karibu 50 na zaidi, waliingia uwanjani kwa dakika chache. Dar es Salaam nako, kuanzia 2018, mwanasoka Mbwana Samatta na mwanamuziki Alikiba waliongoza timu zao katika mechi ya kuchangia elimu. Kiufundi si mchezo wa kuandikwa vitabuni. Lakini aliyelipa kiingilio alijua kwamba fedha yake inakwenda shuleni, na hilo linamtofautisha na mtazamaji wa Indianapolis.

Kiswahili cha viwanjani kina maneno mawili hapa, na hakiyachanganyi: bonanza na mechi ya hisani. Bonanza ni siku ya kufurahi, watu wanene wakimbie, wacheke, wale nyama. Mechi ya hisani ina mtu nyuma yake. Ligi kubwa zinaweza kuchagua bonanza bila aibu yoyote, zikaacha kuuza tiketi kana kwamba ni vita. Todd Boehly, mmoja wa wamiliki wa Chelsea, alipopendekeza mwaka 2022 mechi ya nyota wa Kaskazini na Kusini huko Uingereza, Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, alimbeza, na Waingereza wengi wakamuunga mkono Klopp. Kilichosahaulika katika kelele zile ni kwamba Boehly alitaja haja ya kweli, kuzichangia klabu ndogo za madaraja ya chini. Kosa lake lilikuwa kuanza na tamasha na kuzitaja klabu hizo mwishoni.

Miezi 17 baada ya kamishna Silver kunyamaza kidogo, mechi nyingine ya nyota ilichezwa katika ukumbi uleule wa Gainbridge Fieldhouse. Ilikuwa Julai 19, 2025, zamu ya WNBA. Siku mbili kabla, zaidi ya wachezaji 40 walikuwa wamekaa mezani na viongozi wa ligi kuhusu mkataba mpya wa kazi na hawakuridhika. Ligi ilikuwa na mkataba wa televisheni wa miaka 11 wenye thamani ya dola bilioni 2.2, ilhali nyota anayelipwa kuliko wote alikuwa akipata takriban dola 250,000 kwa mwaka. Wachezaji wa timu zote mbili, pamoja na Caitlin Clark aliyekuwa majeruhi, walitoka kupasha misuli wakiwa wamevaa fulana nyeusi za aina moja, zenye maandishi ya kudai walipwe wanachodai. Kisha wakacheza, na timu ya Napheesa Collier ikashinda 151–131, yeye mwenyewe akifunga pointi 36. Kamishna Cathy Engelbert alipopanda kumkabidhi tuzo ya mchezaji bora, sauti yake ilizidiwa na ya watu majukwaani waliokuwa wakiimba kwa pamoja: walipeni, walipeni.